Ukiambiwa Una Virusi, Anzia Hapa

Msikilizaji wetu wa Kisii na Nyamira, huenda juzi ulipimwa, ukaambiwa una virusi vya UKIMWI, na tangu hapo usingizi umekupaa. Kipindi hiki ni chako.

Mlango wa kwanza kuubisha ni kliniki ya CCC, yaani kliniki ya huduma kwa wanaoishi na virusi. Ipo katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, na pia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira. Vituo vingi vya afya vya umma mashinani navyo hutoa dawa za kudhibiti virusi, ARV, bila malipo. Tangu 2016, mwongozo wa Kenya unataka kila anayepatikana na virusi aanzishiwe dawa, bila kungoja augue.

Ukifika, uliza: nitapimwa lini wingi wa virusi? Kuna kikundi cha wenzangu? Mama mjamzito, uliza kuhusu mama mshauri, yaani mama anayeishi na virusi anayewaongoza wenzake. Kipimo cha wingi wa virusi kina maana kubwa: anayemeza dawa kila siku, na virusi vikaendelea kutoonekana kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Unaogopa jirani akuone? Chagua kituo cha mbali. Wa Keroka anaweza kuhudumiwa Kisii mjini. Sheria ya Kenya ya 2006 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya majibu yako.

Anayekuambia uache ARV kwa sababu ya mitishamba au maombi, usimsikize. Omba, lakini meza dawa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho asubuhi, nenda kliniki.