Kipande cha Mti ni Mti Ule Ule

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kazi ifanywayo karibu katika kila nyumba, nayo ni kuotesha mimea kwa vipande vya mashina, matawi au majani, pasipo kutumia mbegu. Kipande cha namna hiyo huitwa kipandikizi. Muhogo twaupanda hivyo, na viazi vitamu, na miwa. Na uani twaotesha hivyo yasmini, waridi na mkomamanga. Kwa kuwa kazi hii ni nyepesi, watu wengi hudhani haina elimu ndani yake. Lakini elimu imo, na mtu asiyeijua aweza kupanda njaa kwa mikono yake mwenyewe.

Wazee husema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Maneno hayo ni ya kweli, lakini kwa kipandikizi hayatoshi. Mbegu ndiyo mtoto. Ina baba na ina mama, nayo hurithi huku na huku. Ukipanda kokwa ya embe tamu huenda ukapata mwembe wenye maembe machachu. Kipandikizi hakina baba. Si mtoto wa mti, bali ni mti ule ule, umeendelezewa maisha yake mahali pengine. Wema wake wote huja nao, na ugonjwa wake pia huja nao. Basi, shikeni neno hilo moja, maana yote nitakayosema yatoka humo.

Nitawapa mfano wa wema. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani katika nchi ya Tanga na Usambara, alimpelekea baba yake huko Ujerumani mmea mdogo wenye maua ya rangi ya urujuani, uotao penye miamba na kivuli katika milima ya Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland aliuandika na kuupa jina la Saintpaulia. Leo mmea huo hukaa madirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Nao huuzidisha kwa jani moja tu: hulikata pamoja na kikonyo chake, hukichomeka kikonyo katika mchanga wenye unyevu, na baada ya majuma kadhaa miche midogo hutokeza chini ya jani. Rangi ya ua lililopendwa hurudi kama ilivyokuwa.

Sasa tutazame jinsi ya kuotesha kipandikizi nyumbani. Tawi likiisha kukatwa lina taabu moja kubwa: majani yake yaendelea kupoteza maji hewani, wala halina mizizi ya kunywea mengine. Kazi yetu yote ni kulilinda lisikauke, wala lisioze, mpaka litoe mizizi yake.

Chukua kisu kikali na safi. Tafuta tawi lenye afya, lisilo changa mno wala kuukuu. Kwa mimea ya maua kama yasmini, kata kipande cha sentimita 15 hivi, chini kidogo ya kifundo, maana hapo mizizi hupenda kutoka. Ondoa majani ya chini, na ya juu uache mawili au matatu tu. Mimea yenye utomvu mweupe mwingi, kama msanapichi, kata yake iachwe kivulini siku kadhaa mpaka ikauke, la sivyo itaoza.

Vyungu vya kununua si lazima. Kifuu cha nazi kilichotobolewa chini, au kopo kuukuu lenye matundu, chafaa sana. Kijaze mchanga uliochanganywa na udongo wa majani yaliyooza. Usitie samadi mbichi. Chomeka kipandikizi, ukiangalia sana upande uliokuwa chini mtini uwe chini, kwa sababu tawi halisahau juu yake ni wapi. Kiweke kivulini, ukifunike kwa chupa ya kioo iliyokatwa kitako. Udongo uwe na unyevu, lakini maji yasituame. Tena usiking'oe kila siku kukitazama, maana vijizizi vya kwanza ni laini kama uzi nao hukatika upesi.

Hayo ni ya uani. Sasa twende shambani, kwenye muhogo, kwa kuwa huko ndiko kosa huleta hasara kubwa. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, nao uliletwa Afrika na Wareno. Kwa kuwa hustahimili ukame, umekuwa akiba ya watu wengi katika mwaka wa mvua haba. Lakini una adui wawili wasafirio ndani ya shina. Wa kwanza ni batobato. Habari zake ziliandikwa mara ya kwanza na Mjerumani Warburg mwaka 1894, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Wa pili ni michirizi ya kahawia, ambayo H. H. Storey aliieleza mwaka 1936 katika kituo cha utafiti cha Amani, huko huko Usambara. Magonjwa yote mawili yaletwa na virusi. Nzi weupe huvichukua kutoka mmea hata mmea, lakini mchukuzi wa mbali zaidi ni mtu, abebaye mzigo wa pingili begani. Wala hakuna dawa ya kunyunyiza iwezayo kuvitoa virusi katika shina.

Batobato huonekana kwa macho: majani huwa na mabaka ya manjano au ya kijani kibichi hafifu, nayo hujikunja na kudumaa. Iko na njia ya kujua ulitoka wapi. Muhogo mchanga ukiwa na mabaka tangu majani yake ya kwanza ya chini, ugonjwa ulikuja pamoja na pingili. Majani ya chini yakiwa safi na ya juu yana mabaka, basi nzi ndio waliouleta baadaye.

Michirizi ya kahawia ni mwizi wa siri. Mara nyingi mmea husimama vizuri, na mwenye shamba hufurahi. Kumbe ndani mizizi ina madoa makavu ya rangi ya kahawia, wala hailiki. Mtu hungoja mwaka mzima, kisha siku ya njaa akichimba hupata kitu cha kutupa. Kwa hiyo kutazama majani peke yake hakutoshi.

Fanyeni hivi. Kabla ya mavuno, mimea ingali na majani, pitieni shamba na kufunga ukindu katika kila shina lisilo na mabaka wala michirizi. Siku ya kuvuna, kateni mizizi ya mashina hayo vipande vipande. Iliyo meupe ndani yote, shina lake liwe mbegu. Yenye doa, shina lake lichomwe moto. Kutoka shina zuri chukueni sehemu iliyokomaa, mkakate pingili za shibiri moja, yaani sentimita 20 hadi 30, kila moja yenye macho matano au zaidi. Pandeni umbali wa mita moja kila upande, macho yakitazama juu. Miche itakayoonyesha batobato mapema ing'olewe. Ekari moja yataka pingili kama 4,000, kwa hiyo mwaka wa kwanza huenda mkapata mashina safi ya kipande kidogo tu. Si neno; anzeni na hicho.

Viazi vitamu navyo vina kanuni hiyo hiyo. Chukueni marando ya nchani, ya sentimita 30 hivi, kutoka shina lenye majani safi. Sehemu kuukuu iliyo karibu na ardhi mara nyingi ina mayai ya fukusi.

Limebaki neno moja, nalo ni gumu kuliko kazi ya jembe. Katika vijiji vingi mbegu ya muhogo hutolewa bure, na kumnyima jirani ni aibu. Desturi hiyo ni njema, nami sisemi iachwe. Lakini ukimpa jirani mzigo wa pingili zenye ugonjwa, umempa njaa ya mwaka ujao, naye atakushukuru kwa kuwa hajui. Heri kumpa pingili kumi zilizo safi kuliko mia zilizo na ugonjwa. Naye apewaye asione haya kuuliza: je, mizizi ya shina hili ilikuwaje? Swali hilo si dharau. Aliye na shamba safi atafurahi kukuonyesha.

Nanyi wanafunzi, ombeni kwa mwalimu wenu matuta mawili katika bustani ya shule. Moja lipandwe pingili mlizochagua hivyo, la pili pingili zilizookotwa tu pasipo kuchaguliwa. Siku ya mavuno pimeni mizani mbele ya wazazi, kisha mashina ya tuta la pili yachomwe. Mizani itawafundisha wazee pasipo ninyi kuwakosea adabu.