Limewekwa Rehani, au Limekwisha Uzwa?



Zamani mwenye mikarafuu wa Unguja na Pemba akikopa alikuwa na njia mbili. Katika rehani, muda ukipita, mdai huomba mahakama iuze shamba. Hujilipa, na kinachozidi humrudia mwenyewe. Katika bei khiyari, shamba limekwisha uzwa siku ile ile ya kukopa. Mara nyingi mwenyewe hulikodi shamba lake, na asipolikomboa kwa wakati, lote ni la mdai, hata likizidi deni kwa thamani.

Mwaka 1934 sheria ilizuia mashamba ya Waarabu na Waafrika kuhamishiwa wengine bila ya idhini ya Balozi wa Kiingereza. Lakini deni lilikuwa limekwisha ota mizizi.

Basi, kabla ya kutia sahihi, ulizeni: nikishindwa kulipa, litauzwa, au limekwisha uzwa?