KUPATANISHWA KABLA YA KUSHTAKI
Maneno ya mazungumzo juu ya mashauri ya kazi katika Uingereza



Watu wawili wakigombana kijijini juu ya mpaka wa shamba au deni la ng'ombe, swali la kwanza wanaloulizwa ni hili: "Je, wazee wamelisikia jambo hili?" Anayekimbilia mahakamani kabla ya kuwaendea wazee huonekana amewavunjia heshima. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, nayo yaziagiza mahakama zikuze njia za upatanishi.

Asidhani mtu basi kwamba desturi hii ni ya vijijini tu. Katika England, Scotland na Wales, mfanyakazi aliyedhulumiwa hawezi, kwa mashauri yaliyo mengi, kumshtaki mwajiri wake katika Mahakama ya Kazi mpaka kwanza apeleke habari kwa shirika la upatanishi liitwalo Acas. Shirika hili hugharimiwa kwa fedha za Serikali, lakini si wakili wa mfanyakazi wala wa mwajiri.

Jambo hili lawahusu watu wa Kenya pia. Mwezi wa Julai 2021 Serikali za Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano juu ya wauguzi na watumishi wengine wa afya kwenda kufanya kazi huko. Mtu aliye mbali na kwao akikatwa mshahara hana mzee wa ukoo wa kumwendea. Yafaa ajue mlango wa kwanza uko wapi, na tena ajue hufungwa lini.

Mahakama za Kazi za Uingereza zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, na shirika la upatanishi likaundwa mwaka 1974. Kwa miaka mingi upatanishi ulikuja baada ya mashtaka: mtu hushtaki kwanza, kisha mpatanishi huja kujaribu kuzima moto ambao umekwisha kuwaka. Mwezi wa Julai 2013 Serikali ikaanza kutoza ada mahakamani. Shauri la mtu aliyefukuzwa kazi bila haki, likifika mpaka kusikilizwa, liligharimu pauni 1,200, na mashtaka yakapungua sana. Chama cha wafanyakazi cha UNISON kiliipinga ada hiyo, na tarehe 26 Julai 2017 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ikaamua kwamba haikuwa halali, kwa kuwa iliwazuia watu wasiifikie haki. Ada ikafutwa. Lakini sharti la kupitia kwa wapatanishi, lililoanza kushurutishwa tarehe 6 Mei 2014, likabaki, nalo halina malipo hata senti moja.

Watu wengi hukosea hapa kwa kudhani kwamba sheria yawalazimisha kupatana. Sivyo. Sheria yamlazimisha mfanyakazi kubisha hodi tu. Hupeleka jina lake na anwani yake, pamoja na jina na anwani ya mwajiri. Baada ya hapo, akiwa hataki mazungumzo, au mwajiri akikataa, mpatanishi hutoa hati yenye nambari, na njia ya mahakamani huwa wazi. Mashtaka yasiyo na nambari hiyo hukataliwa, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa na sheria.

Wote wawili wakikubali kuzungumza, mpatanishi huchukua maneno ya huyu kwa yule, na ya yule kwa huyu, mara nyingi kwa simu. Yeye si hakimu. Hasemi nani mwenye haki, wala hamwambii mtu kwamba atashinda au atashindwa. Maneno aliyoambiwa hayawezi kutolewa kuwa ushahidi mahakamani ila kwa idhini ya aliyeyasema. Kwa hiyo mwajiri aweza kusema, "Nitalipa nusu," bila kuogopa kwamba kesho neno hilo litasomwa mbele ya hakimu kuwa ni kukiri kosa.

Muda wa mazungumzo umebadilika mara kadhaa. Mwaka 2014 ulikuwa mwezi mmoja. Mwezi wa Desemba 2020 ukawa wiki 6. Na tangu tarehe 1 Desemba 2025 umekuwa wiki 12. Hata hivyo si lazima muda wote utumike. Ikionekana kwamba hapana tumaini la kupatana, hati yaweza kutolewa mapema.

Sasa tuangalie hesabu ya siku, kwa maana ndiyo iliyowapotezea wengi haki yao. Kwa madai yaliyo mengi, muda wa kushtaki umekuwa miezi 3 kasoro siku 1. Mwaka 2025 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuufanya miezi 6, lakini mabadiliko hayo hayakuanza siku ileile sheria ilipopitishwa. Mwenye shauri hana budi kuuliza ni muda upi unaolihusu shauri lake. Mtu akiwaendea wapatanishi kabla muda haujaisha, saa husimama. Siku za upatanishi hazihesabiwi.

Mfano wafaa kuonyesha jambo hili. Tuseme mtumishi wa nyumba ya kutunzia wazee alipaswa kulipwa mshahara tarehe 10 Machi 2024, asilipwe. Mwisho wa kushtaki ulikuwa tarehe 9 Juni. Alivumilia, akangoja ahadi ya msimamizi wake, kisha akawaendea wapatanishi tarehe 1 Juni. Hapakuwa na mapatano, akapata hati tarehe 1 Julai. Kwa kuwa alibisha hodi kabla ya mwisho, sheria ilimpa mwezi mmoja baada ya hati, yaani mpaka tarehe 1 Agosti, kupeleka mashtaka.

Mwenzake, aliyenyimwa mshahara siku ileile, alingoja mpaka tarehe 12 Juni. Yeye pia alipokelewa, naye pia akapewa hati. Lakini hati ile haikuweza kufufua muda uliokwisha kufa. Ilimpasa amshawishi hakimu kwamba haikuwezekana kwake kushtaki kwa wakati, na jambo hilo si rahisi. Ahadi walizoahidiwa wote wawili zilikuwa sawa, na dhuluma ilikuwa moja. Kilichowatenga ni siku kumi na moja tu. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Jambo jingine la kuangaliwa ni mapatano yenyewe. Kwa kawaida huandikwa katika hati iitwayo COT3 na kutiwa sahihi. Lakini watu wengi hawajui kwamba wakikubaliana masharti yote kwa njia ya mpatanishi, hata kwa maneno ya mdomo katika simu, mapatano yale huwa yamekwisha kuwafunga. Asiseme mtu "Nimekubali" ili simu iishe, akitumaini kufikiri baadaye. Na aulize vizuri ni madai yapi anayoyaacha, kwani mara nyingi akishakubali hawezi kuyarudia tena.

Je, ni afadhali kupatana au kushtaki? Jibu halitoki kwa mtu mwingine. Anayepatana huenda akapokea pungufu ya haki yake, lakini huipokea upesi, na tena aweza kupata jambo ambalo hakimu hana desturi ya kuliamuru, kama vile barua nzuri ya kumsaidia kutafuta kazi nyingine. Anayeshtaki huenda akapata yote, au asipate kitu, na mashauri katika mahakama hizo hungoja miezi mingi, pengine hata kupita mwaka. Ajuaye hesabu yake ndiye achague.

Ili achague vizuri, sharti awe na karatasi zake: mkataba wa kazi, hati za mshahara za kila mwezi, barua alizoandikiwa, na daftari ya siku na saa alizofanya kazi. Mpatanishi hawezi kumfikishia mwajiri hesabu ambayo mwenyewe hakuiandika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Upatanishi basi si ukuta uliojengwa kumzuia mnyonge asiifikie mahakama. Ni mlango wa kwanza, usio na malipo, nao hufunguliwa kwa kila abishaye. Lakini hata mlango ulio wazi haumfai mtu aliyekaa nje akihesabu ahadi za watu mpaka jua likatua. Mwenye dai na abishe mapema, aitunze nambari yake, na asikubali neno lolote kabla ya kulielewa.