Kupima Utendaji wa Kache katika Programu Inayotekelezwa

Kache ni kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa, iliyowekwa kati ya kichakataji na kumbukumbu kuu. Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge alilieleza wazo lake mwaka 1965, na mwaka 1968 IBM ikatangaza System/360 Model 85, kompyuta ya kwanza ya kibiashara kuwa na kache. Haja yake haijabadilika tangu hapo: kichakataji humaliza hesabu upesi kuliko kumbukumbu kuu inavyoweza kukiletea data. Katika vichakataji vingi vya leo, data iliyomo katika kache ya ngazi ya kwanza hupatikana kwa mizunguko ya saa 4 au 5. Ikibidi ifuatwe kwenye kumbukumbu kuu, mizunguko 200 au zaidi yaweza kupita.

Data hailetwi baiti mojamoja bali kwa mafungu, kwa kawaida ya baiti 64, yaitwayo mistari ya kache. Chukua jedwali la namba lenye safu mlalo 4096 na safu wima 4096, kila namba ikiwa na baiti 8, lililopangwa kama lugha ya C inavyopanga, mlalo baada ya mlalo. Programu inayojumlisha namba hizo ikisoma kwa mlalo, kila mstari wa kache huleta namba 8 zinazofuatana: ya kwanza inakosekana, 7 zinakutwa tayari. Ikisoma kwa wima, kila namba imo katika mstari tofauti, na mistari ya awali hutolewa kabla haijatumika tena. Jumla inayopatikana ni ileile, lakini muda hutofautiana sana.

Kipimo cha msingi ni wastani wa muda wa kufikia data: muda wa kupata, ukiongezwa kiwango cha kukosa mara gharama ya kukosa. Kwa kupata kwa mizunguko 4 na gharama ya 200, usomaji wa mlalo hutoa 4 + 0.125 × 200, yaani 29. Wa wima hutoa 204. Mashine halisi huipunguza gharama hiyo kwa kuleta data kabla haijaombwa na kwa kuendelea na kazi nyingine wakati wa kusubiri. Ndiyo maana hesabu ya karatasini haitoshi.

Upimaji hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kaunta zilizomo ndani ya kichakataji chenyewe. Katika Linux husomwa kwa zana iitwayo perf, iliyoingizwa mwaka 2009. Amri ya perf stat huonyesha mizunguko, maagizo yaliyotekelezwa na mara ambazo data imekosekana, bila kuichelewesha sana programu. Kaunta ni chache: matukio yakizidi idadi yake, hupimwa kwa zamu na matokeo huwa makadirio. Njia ya pili ni uigaji, kama ufanywavyo na zana ya Cachegrind, iliyomo katika mkusanyiko wa zana uitwao Valgrind. Hii huonyesha mstari wa msimbo unaosababisha kukosa, lakini huiendesha programu polepole mno, na kache inayoigwa ni sahili kuliko ile halisi.

Asilimia peke yake hupotosha. Programu inayofikia data mara milioni 100 na kuikosa mara milioni 2 ina kiwango cha asilimia 2. Ikiandikwa upya ikafikia data mara milioni 40 na kuikosa mara milioni 1.6, kiwango hupanda hadi asilimia 4, ingawa mara za kukosa zimepungua. Afadhali kuhesabu mara za kukosa kwa kila maagizo 1000, mradi kazi inayolinganishwa iwe ileile na idadi ya maagizo itajwe.

Baada ya kuhesabu hutafutwa chanzo. Mtafiti wa kompyuta Mark Hill alizigawa sababu za kukosa katika aina tatu: data inayoombwa kwa mara ya kwanza, data inayozidi ukubwa wa kache, na data inayogombea nafasi zilezile. Tiba ya kila moja ni tofauti: ya pili huhitaji kuigawa kazi katika vipande vidogo, ya tatu kubadilisha mpangilio wa data.

Mpimaji aanze na muda wa saa, aendeshe programu mara kadhaa kwa data ya ukubwa halisi, ndipo asome kaunta. Marekebisho yanayopunguza mara za kukosa bila kupunguza muda hayajaiboresha programu.