Nani Angeshika Manyanga?



Jioni hii naomba tukae na filamu moja tu: Some Like It Hot, iliyoongozwa na Billy Wilder na kuanza kuonyeshwa mwaka 1959. Mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliipa nafasi ya kwanza katika orodha yake ya filamu 100 za kuchekesha za nchi hiyo. Nimeichagua kwa sababu baadhi ya waigizaji tunaowapenda humo hawakuwa chaguo la kwanza. Hoja ninayoitetea ni hii: katika vichekesho, mwigizaji huingia na kasi yake mwenyewe, na kasi hiyo humlazimu kila aliye karibu naye kujirekebisha, hata mwandishi, hata mhariri wa picha.

Kwa ambao hawajaiona: tupo Chicago, mwaka 1929. Wanamuziki wawili waliofulia, Joe wa saksafoni na Jerry wa besi, wanashuhudia majambazi wakiwamiminia wenzao risasi ndani ya gereji. Ili wasiuawe, wanavaa magauni na wigi na kujiunga na bendi ya wanawake inayokwenda Florida. Joe anampenda mwimbaji wa bendi, Sugar. Jerry, akiwa ndani ya gauni lake, anapendwa na tajiri mzee aitwaye Osgood.

Wilder alianza kwa kumfikiria Mitzi Gaynor awe Sugar, na kwa nafasi ya Jerry jina la Frank Sinatra lilikuwa mezani, maana wenye fedha walitaka nyota mkubwa. Marilyn Monroe alipokubali kuwa Sugar, haja ya jina kubwa la kiume ilipungua, Jack Lemmon akapata nafasi. Joe akawa Tony Curtis.

Tumweke Sinatra mahali pa Lemmon, tuone. Sinatra alijulikana kwa kuchukia kurudia. Alitaka apigwe picha mara moja, mbili ikibidi sana, kisha aende zake. Monroe alichelewa, alisahau maneno, na sentensi fupi kabisa ingeweza kurudiwa mara nyingi kabla hajaipatia. Wilder aliwaonya Curtis na Lemmon wawe imara katika kila mkupuo, kwa sababu mkupuo atakaoutumia ni ule ambao Monroe ameupatia, hata kama wao wamechoka. Siamini Sinatra angevumilia wiki mbili za kazi hiyo. Na kama angevumilia, nina hakika uchovu wake ungeonekana usoni, na Jerry aliyechoka si Jerry tena.

Gaynor ni habari nyingine. Alikuwa mwimbaji na mchezaji aliyefunzwa vizuri, na huenda upigaji picha ungekwisha mapema. Lakini Sugar ni mwanamke aliyeachwa na mpiga saksafoni mmoja baada ya mwingine, anayekunywa kwa kujificha. Kwa Gaynor, nadhani tungevutiwa na ustadi wake. Kwa Monroe tunamwogopea, kwa hiyo Joe anapomdanganya kwamba yeye ni tajiri mwenye mashua, uongo ule unatuuma huku tunacheka. Bila maumivu hayo, nusu ya pili ya filamu inabaki kuwa ujanja mtupu.

Sasa tuje kwenye onyesho ambalo ningependa kila mwanafunzi wa uigizaji alitazame mpaka alikariri. Jerry amerudi hotelini usiku baada ya kucheza tango na Osgood. Amejilaza kitandani, bado yumo ndani ya gauni, ana manyanga mikononi. Anamweleza Joe kwamba amechumbiwa. Joe anauliza bibi harusi ni nani, na Jerry anajibu kwa furaha kwamba ni yeye. Wilder alijua watazamaji wataangua kicheko na kuifunika sentensi inayofuata. Ndiyo maana akampa Lemmon manyanga: kila baada ya jibu anayatikisa, anacheza, anasubiri, na ukumbi unapata muda wa kumaliza kucheka.

Hii ni hesabu ya mwongozaji, lakini inamhitaji mtu anayeweza kufurahi kikweli ndani ya zile sekunde tupu. Lemmon haoni aibu hata kidogo. Amesahau kwamba yeye ni mwanamume, na usahaulifu huo ndio kichekesho chenyewe. Mwigizaji anayelinda heshima yake angekonyeza kidogo, kutukumbusha kwamba anaigiza tu. Konyezo moja tu, na onyesho lote linabomoka.

Nafasi ndogo nazo zilipimwa. George Raft, aliyekuwa jambazi mrusha sarafu katika Scarface ya mwaka 1932, anakuwa hapa mkuu wa majambazi, na anamkemea kijana mmoja kwa kurusha sarafu vilevile. Kwa mtu asiye na historia hiyo, mzaha ule usingekuwepo.

Namalizia na Joe E. Brown, yule Osgood mwenye mdomo mpana, nyota wa vichekesho vya miaka ya 1930. Katika onyesho la mwisho yupo ndani ya boti na Jerry, ambaye anamtajia sababu moja baada ya nyingine kwa nini hawawezi kuoana, mpaka anaivua wigi na kusema yeye ni mwanamume. Brown hageuki. Anaendelea kutazama mbele, uso umejaa raha, na kumjibu kwa upole kwamba hakuna aliyekamilika, kana kwamba ameambiwa kuna mawingu. Wilder na mwandishi mwenzake, I. A. L. Diamond, waliliweka jibu lile kwa muda tu, wakitarajia kupata bora zaidi. Kwa mwigizaji mwingine, naamini wangeendelea kulitafuta.