Chuma Cheusi Nacho Huunguza

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza nanyi habari za jambo mlijualo tangu utoto, ila pengine hamkupata kuulizana sababu yake. Nalo ni hili: kitu kilichopata moto humpa joto hata mtu asiyekigusa. Joto hilo hupitaje?

Tuanze hapa Bashay, katika nyanda za juu za Mbulu, ambako usiku wa Juni na Julai kila mtu husogea mekoni. Aketiye mbele ya moto huona uso wake unawaka, na mgongo wake ni baridi. Wako wasemao kwamba hewa ya moto ndiyo imfikiayo. Sivyo, maana hewa iliyopata moto hupanda juu pamoja na moshi, na hewa baridi huja chini kushika mahali pake. Basi aketiye kando hupitiwa na hewa baridi, na hata hivyo aota moto! Twaeni ungo, mkauweke kati ya uso na moto. Papo hapo joto hukoma. Uondoeni, nalo hurudi mara moja. Kitu kizuiwacho namna hiyo chaenda kwa mstari ulionyoka kama nuru, na mbio zake ni mbio za nuru. Twakiita mionzi ya joto.

Mionzi hii ni ndugu ya nuru, ila jicho letu halikuumbiwa kuiona. Mwaka 1800 mtaalamu wa nyota William Herschel, huko Uingereza, aliupitisha mwanga wa jua katika kioo chenye pande tatu, ukagawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Akaweka vipimajoto penye rangi hizo. Kimoja alikiweka nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana kitu. Nacho kikapanda kuliko vyote.

Sasa twende kwa mhunzi. Karibu na Ziwa Eyasi wako wahunzi wa Kidatoga, ambao hufua hata misumari kuwa ncha za mishale. Mhunzi hahitaji kipimajoto, kwani rangi ya chuma ndiyo kipimo chake. Mivukuto ikivuma, chuma hukaa cheusi kwa muda. Kikifika kama nyuzi 550 za Selsiasi, huonekana wekundu hafifu, nao huonekana vizuri zaidi gizani. Kwenye nyuzi 800 wekundu hung'aa, kwenye 1000 hugeuka rangi ya chungwa, na karibu na 1300 hukaribia weupe. Kadiri joto lizidivyo, ndivyo mionzi izidivyo kuwa mingi na kuingia katika rangi ziwezazo kuonekana. Na wingi wake haupandi polepole. Mwaka 1879 Josef Stefan alionyesha kwamba joto likiwa maradufu, kwa kuhesabu kutoka kwenye baridi ya mwisho, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri, mionzi huwa mara 16.

Hapa ndipo penye hatari. Chuma kikitolewa motoni, rangi hurudi nyuma: chungwa, nyekundu, kisha nyeusi. Kikiwa na nyuzi 400 ni cheusi sawasawa na kile kilicholala chini tangu jana. Maji ya nyuzi 60 tu huunguza ngozi kwa sekunde chache. Chuma hicho je? Mtoto huogopa chuma chekundu, lakini cheusi hukiokota. Afadhali afundishwe kukaribisha mgongo wa mkono, bila kugusa: mionzi itamwambia lile ambalo macho hayakumwambia. Ndivyo ilivyo pia kwa kaa lililofunikwa na majivu.

Hata milima yetu hudanganya macho. Kaskazini, ng'ambo ya Ngorongoro, uko Ol Doinyo Lengai karibu na Ziwa Natron. Lava yake imejaa magadi, na joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600, dogo kuliko la lava za volkeno nyingine. Mchana yaonekana kama matope meusi yatiririkayo. Usiku ndipo wekundu wake hafifu huonekana. Lava ya Nyiragongo, huko Kongo, iliyoingia mji wa Goma tarehe 17 Januari 2002, hupita nyuzi 1000, nayo hung'aa hata mchana. Anayengoja kuona wekundu kabla ya kuogopa, kule Lengai angekanyaga mauti.

Je, kitu kisicho moto hutoa mionzi? Naam, kila kitu hutoa: jiwe, ng'ombe, na sisi wenyewe. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya Uviko-19, wengi wetu tulielekezewa kipimajoto kwenye paji la uso bila kuguswa. Chombo kile hakikutupiga kwa mionzi yoyote, kama wengine walivyonong'ona. Kilipokea tu ile itokayo katika ngozi yetu.

Na ardhi nayo hutoa. Mchana hupokea joto la jua kuliko itoalo. Usiku hutoa tu, kuelekea mbinguni. Mbingu ikiwa na mawingu, mawingu hurudisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Mbingu ikiwa safi na upepo umetulia, kinachorudi ni kidogo, ardhi hupoa sana, na asubuhi majani hulowa umande. Ndiyo maana usiku wenye nyota nyingi una baridi kali kuliko usiku wa mawingu, na miche michanga huumia hapo. Paa jepesi la nyasi juu ya kitalu hufanya kazi ya wingu: hupokea mionzi ya udongo na kuirudisha chini. Litandazwe kabla jua halijatua, udongo ungali na joto la mchana.