Kisiki Kingali Hai: Migunga ya Isingiro na Nakivale



Misitu ya magharibi mwa Uganda ikitajwa, mawazo hukimbilia milimani: Rwenzori yenye theluji, au Bwindi, kilomita za mraba 331 zenye aina zaidi ya 160 za miti. Chuo chetu hapa Mbarara kina taasisi ya utafiti kule Ruhija, nayo yastahili sifa. Jioni hii naomba tushuke nyandani, wilayani Isingiro, kwenye migunga na vichaka vya miiba visivyo na wa kuvisemea.

Vimedharauliwa tangu zamani. Miaka ya 1950 na 1960, mbung'o walipoenea Ankole, eneo ilimo Isingiro, tiba iliyoaminiwa ilikuwa kuua wanyama pori na kufyeka vichaka. Nakivale nayo, iliyomo humohumo Isingiro na iliyotambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, ikapokea Wanyarwanda, kisha Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Kila familia ilihitaji shamba la kulima na kuni za kupikia. Hata hivyo, sikubali mkimbizi abebeshwe lawama peke yake. Wenyeji nao wamefyeka kwa ajili ya migomba na malisho, na mkaa wa vijijini huishia kwenye majiko yetu hapa Mbarara.

Kilima kikibaki uchi, mvua huteremsha udongo hadi Ziwa Nakivale, na mvuvi hulipia kosa la mlimani. Mgunga huzuia hayo kwa mizizi yake, hurutubisha ardhi kwa nitrojeni, na huwapa nyuki maua.

Tumezoea kujibu kwa kugawa miche ya mikalitusi. Inakua upesi, inatoa nguzo, sina ugomvi nayo ikipandwa mahali pake. Kuipanda ukingoni mwa vinamasi vya Mto Rwizi ni kosa, kwa maana inakunywa maji mengi. Wala haiurudishi msitu uliokuwepo.

Mgunga haungoji kupandwa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, jirani yetu hapa, aina moja ya mgunga imesambaa hadi wahifadhi wanaing'oa ili nyasi zipate nafasi. Nje ya mpaka wa hifadhi, kisiki cha mgunga huohuo huchipua kila msimu, nasi tunakikata tena kabla hakijafika kiunoni.

Tanzania wametutangulia. Shinyanga, ambako pia miti ilifyekwa kwa sababu ya mbung'o, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 uliwategemea Wasukuma na ngitili zao, malisho yanayofungwa ili yapumzike. Miti ikarudi kwenye maelfu ya hekta. Dodoma, wakulima wa mpango wa Kisiki Hai huchagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki, hupogoa mengine, na kuni hupatikana kwenye matawi yaliyopogolewa.

Hilo linawezekana Nakivale, lakini nani atalea mti kwenye kiwanja anachoweza kuhamishwa kesho? Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa wanaogawa viwanja: mwandikieni kila mlezi wa kisiki, mkimbizi au mwenyeji, kwamba matawi, kuni na asali ya mti huo ni mali yake. Na wanafunzi wangu, nendeni Isingiro mkahesabu visiki vilivyo hai kabla hatujaagiza mche mwingine hata mmoja.